Werner Janensch na lile jitu la mifupa lililotoka Tendaguru

Katika jumba la makumbusho la Berlin, inchini Ujerumani, kuna mifupa ya mnyama mmoja iliyosimamishwa kwa miguu minne, kichwa kikiwa juu zaidi ya meta 13 kutoka sakafuni. Nyumba ya orofa tatu haifiki kwenye kidevu chake. Watoto wa shule huingia wakipiga kelele, wakifika mbele yake wananyamaza. Mnyama huyo hakutoka Ulaya. Alichimbwa karibu na Lindi, kusini mwa Tanzania ya leo, akabebwa kipande kwa kipande juu ya vichwa na mabega ya watu mpaka baharini, kisha akapakiwa melini.

Mtu aliyempa jina, akamsimamisha, akamwandikia vitabu karibu maisha yake yote ni Werner Janensch. Wataalamu wa mifupa ya kale wanamjua vizuri. Katika sehemu ile mifupa ilikotoka, jina lake halisikiki sana, na majina ya watu waliochimba pamoja naye hayasikiki hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1878 mjini Herzberg, kando ya mto Elster, mashariki mwa Ujerumani. Alisomea elimu ya mawe na viumbe vya kale, kisha akapata kazi kwenye makumbusho ya Berlin. Hapo mwanzo hakuwa na habari na majitu. Mwaka wa 1906 aliandika juu ya nyoka wa zamani sana aliyepatikana Monte Bolca, inchini Italia, nyoka mwembamba mwenye pingili za mgongo zaidi ya 500. Mtu anayeweza kukaa mezani akihesabu pingili zile moja moja, na kuona moja inatofautiana wapi na nyingine, ana subira ambayo si kila mtu anayo. Subira hiyo ndiyo aliyokuja kuitumia baadaye kwa pingili ambazo mwanaume mmoja hawezi kuinua.

Mwaka huohuo wa 1906, mbali na Berlin, injinia wa migodi Bernhard Sattler alikuwa akizunguka bara la Lindi kwa kazi ya kampuni yake. Karibu na kilima cha Tendaguru aliona mifupa mikubwa kupita kiasi ikitokeza ardhini. Habari zikafika Ujerumani. Mwaka wa 1907 profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart akaenda kuona kwa macho yake, akarudi na mifupa michache, akatangaza kwamba kule kuna dinosauri wakubwa sana.

Inafaa kukumbuka wakati wenyewe ulikuwaje. Sehemu ile ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka wa 1905. Ili kuvunja uasi, jeshi la kikoloni la Wajerumani lilichoma vijiji, mashamba na ghala za chakula. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengine wanafikisha hesabu ya waliokufa 300,000. Kwa hiyo pale ambapo wataalamu wa Berlin waliona hazina ya sayansi, wenyeji walikuwa wanahesabu ndugu waliobaki. Leta ya kikoloni nayo haikuchelewa. Iliitangaza ardhi yenye mifupa kuwa mali yake, ili mtu mwingine asichukue.

Berlin ilikuwa na sababu yake ya kuharakisha. Mwaka wa 1908 makumbusho ilikuwa imepokea zawadi kutoka kwa tajiri Mmarekani Andrew Carnegie: mifupa ya Diplodokusi, mnyama wa shingo ndefu aliyepatikana Marekani. Lakini haikuwa mifupa ya kweli. Ilikuwa nakala ya plasta, kama zile ambazo Carnegie alipelekea miji mingine ya Ulaya. Kwa makumbusho yenye kujiona kubwa, kuonyesha nakala ya mnyama wa watu wengine ilikuwa kama kuvaa koti la kuazima kwenye arusi. Mkuu wa taasisi, Wilhelm von Branca, akisaidiwa na daktari David von Hansemann, akakusanya pesa kwa matajiri na vyama vya sayansi. Janensch akachaguliwa kuongoza safari. Alikuwa na miaka 30. Msaidizi wake alikuwa Edwin Hennig, kijana kuliko yeye.

Miaka mitatu porini

Walifika Lindi mwaka wa 1909, wakatembea karibu kilometa 60 mpaka Tendaguru. Palikuwa pori, maji yakiwa shida na malaria ikiwa karibu sana. Mwaka wa kwanza wachimbaji walikuwa chini ya 200. Mwaka wa tatu walikuwa wamefika karibu 500. Wengi walikuja na wake na watoto wao, na mahali palipokuwa hapana mtu pakawa kijiji kikubwa chenye nyumba, mashamba na sauti za kutwanga.

Janensch hakujua mapema jinsi ya kuchimba mnyama wa ukubwa ule. Hakuna muzungu yeyote pale aliyejua. Mtu wa maana kuliko wote katika kazi ile alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye Kongo angeitwa kapita. Yeye ndiye aliyesimamia wachimbaji, na mkono wake ulijua kutoa mfupa ndani ya udongo bila kuuvunja, kuupaka, kuufunga na kuutayarishia safari. Wajerumani walikuja na kuondoka kwa zamu: Janensch na Hennig waliondoka mwaka wa 1911, wakafuatwa na Hans von Staff, kisha Hans Reck mpaka 1913. Boheti alibaki. Hata Waingereza walipokuja kuchimba mahali palepale kuanzia 1924, wakiwa na kijana Louis Leakey ambaye baadaye alijulikana dunia nzima, walimtafuta Boheti huyohuyo.

Plasta ya kufunga mifupa ilitoka mbali na haikutosha. Basi vitu vya pale vikatumika: udongo, na hasa mianzi iliyopasuliwa na kufungwa kuzunguka mfupa, mithili ya kikapu kirefu kilichokazwa. Vifurushi hivyo vilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka Lindi, safari ya siku nne hivi, mara maelfu. Mpaka mwaka wa 1913, zaidi ya tani 225 za mifupa na mawe zilikuwa zimepelekwa Ujerumani. Hakukuwa na gari, hakukuwa na njia ya treni. Kila kilo ilipita juu ya mwili wa mtu.

Katika shimo moja ambalo Janensch aliliandika kwa herufi S, kazi ilianza mwaka wa 1909. Humo zilitoka sehemu za wanyama wawili. Mkubwa wao ndiye jitu la Berlin. Mfupa wake wa juu wa mkono wa mbele ulikuwa na urefu wa meta 2.13. Mtu mrefu akisimama kando yake, mfupa unampita.

Mkono mrefu kuliko mguu

Hapo ndipo kazi halisi ya Janensch ilipoanzia. Kuchimba kulichukua miaka michache, lakini kuelewa kile kilichochimbwa kulichukua hamsini.

Sauropodi, yaani dinosauri wa shingo ndefu waliokula majani, karibu wote wana miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele. Diplodokusi yuko hivyo: kiuno juu, mabega chini. Mnyama wa shimo S alikuwa kinyume. Mabega yalikuwa juu, mgongo ukiteremka kuelekea mkia, kama twiga. Mnyama mwingine mmoja tu wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuandikwa: Brakiosaurusi, aliyechimbwa Colorado, Marekani, na kupewa jina na Elmer Riggs mwaka wa 1903. Riggs alikuwa na mifupa michache, hakuwa na kichwa wala shingo. Mwaka wa 1914 Janensch akaamua kwamba mnyama wa Tendaguru ni ndugu wa karibu wa yule wa Colorado, akamweka katika jenasi ileile, akamwita *Brachiosaurus brancai*, kwa heshima ya Branca aliyetafuta pesa. Wafadhili na wakubwa wengine nao walipewa wanyama wao: Hansemann mmoja, Sattler mmoja, na tajiri Paul Bamberg mmoja mwaka wa 1920. Hakuna mchimbaji aliyepewa.

Uamuzi ule wa 1914 ulikuwa mzito. Kusema kwamba mnyama wa Afrika na mnyama wa Amerika ni wa ukoo mmoja ni kusema kitu juu ya dunia yenyewe ilivyokuwa miaka milioni 150 iliyopita, mabara yakiwa bado hayajaachana kama leo. Na Tendaguru haikuwa na mnyama mmoja tu. Kulikuwa na Dikreosaurusi, mdogo na wa ajabu, mwenye shingo fupi kwa kabila lake na pingili zenye miiba mirefu juu, iliyogawanyika mara mbili kama panda ya manati. Kulikuwa na wengine waliofanana na Diplodokusi. Namna gani wanyama wakubwa hivi, wote wakila majani, waliishi sehemu moja? Janensch alitazama meno. Brakiosaurusi alikuwa na meno mapana, yenye nguvu. Dikreosaurusi alikuwa na meno membamba kama kalamu, yote yamepangwa mbele ya mdomo. Hawakuwa wakila kwa namna moja.

Mwaka wa 1929 alitumia tofauti hiyo kugawa sauropodi wote wa dunia katika familia mbili kubwa, wenye meno mapana upande mmoja na wenye meno membamba upande mwingine. Kwa sehemu kubwa aliona vizuri. Mpaka leo wataalamu wanatenga ukoo wa Diplodokusi na Dikreosaurusi na ule wa Brakiosaurusi. Ila meno yalimdanganya mahali pamoja. Kuna kundi la sauropodi wa baadaye, titanosauri, ambao pia wana meno membamba. Janensch aliwaweka na Diplodokusi. Mifupa mingine iliyopatikana baada yake imeonyesha kwamba titanosauri ni jamaa za Brakiosaurusi, na kwamba meno membamba yalitokea zaidi ya mara moja. Watu wawili wanaweza kuwa na pua moja bila kuwa na babu mmoja wa karibu.

Dikreosaurusi wake alithibitishwa kwa njia nyingine. Mwaka wa 1991 wataalamu wa Argentina walitangaza Amargasaurusi, mnyama wa shingoni mwenye miiba mirefu miwili miwili. Ni wa familia ileile. Bahari ya Atlantiki ilikuja kukata katikati ya jamaa.

Janensch aliingia pia ndani ya mifupa yenyewe, na pengine hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Twiga ana pingili saba za shingo, sawa na binadamu. Jitu la Tendaguru lilikuwa na 13, na shingo ilipita meta 8. Shingo ya urefu huo, ikiwa mfupa mtupu, ingemvuta mnyama akaanguka kifudifudi. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1947 Janensch alionyesha jinsi pingili zilivyojaa mashimo na vyumba vidogo, kuta zikiwa nyembamba, kama sega la asali. Vyumba hivyo vilikuwa vya hewa, kama katika mifupa ya ndege. Anayevunja mfupa wa bawa la kuku akauona mtupu ndani ameshaona jambo hilo. Pingili ilikuwa kubwa lakini nyepesi kuliko macho yanavyodhani, na nguvu iliwekwa pale tu inapohitajika. Leo wanaopima uzito wa sauropodi wanaanzia kwenye hewa hiyo. Mwaka wa 1962 Mmarekani Edwin Colbert alikadiria uzito wa mnyama huyu kuwa karibu tani 78. Hesabu za siku hizi zimeshuka mpaka kati ya tani 23 na 40.

Mkono wa mbele aliueleza mapema zaidi, mwaka wa 1922. Mifupa ya kiganja haikulala chini kama yetu. Ilisimama wima, imezunguka nusu duara, mithili ya nguzo za kibanda, na juu yake mzigo wote ukakaa. Vidole vyenyewe karibu vimekwisha, isipokuwa kucha moja ya kidole gumba.

Bendera, mabomu, na kusimama tena

Kuunganisha jitu kulichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyofikiri. Vita vya kwanza vya dunia vilikuja, pesa ya Ujerumani ikapoteza thamani, masanduku yakabaki yamefungwa. Mifupa ilikuwa imevunjika vipande maelfu, na kila kipande kilitafutiwa jirani yake. Dikreosaurusi alisimama kwanza, miaka michache kabla ya jitu. Kwa jitu lenyewe, pingili za shingo na mgongo zilikuwa nzito na dhaifu mno kutundikwa, hivyo katika nafasi yake ziliwekwa za kutengenezwa. Mkia ulitoka kwa mnyama mwingine wa shimo jingine. Kichwa kilichomwongoza Janensch kilitoka katika shimo la tatu. Hakuficha jambo hilo; katika maandishi yake alisema kila mfupa umetoka wapi, na ndiyo maana watu waliokuja nyuma yake waliweza kumsahihisha.

Mwezi wa Agosti 1937 jitu likazinduliwa, kichwa kikiwa karibu meta 12 juu. Lakini Ujerumani ya 1937 ilikuwa mikononi mwa Wanazi, na bendera zao zilining'inia ukumbini karibu na mifupa kutoka Afrika. Mwaka huohuo Hans Reck, mwenzake wa Tendaguru, alifariki Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo.

Halafu vita vya pili. Wakati wa mashambulizi ya ndege, mifupa ilifunguliwa na kushushwa chini ya jumba. Tarehe 3 Februari 1945 mabomu yalivunja bawa la mashariki la makumbusho, na sehemu ya mifupa ya Tendaguru ikapotea. Jitu lilisalimika. Lilisimamishwa tena mwaka wa 1953, katika Berlin ya mashariki, chini ya serikali nyingine kabisa. Janensch alikuwa ameona ufalme, jamhuri, utawala wa Hitler, na sasa Wakomunisti, na muda huo wote meza yake ilikuwa na pingili zilezile.

Alikuwa na zaidi ya miaka 70 alipotoa, mwaka wa 1950, vitabu viwili juu ya uti wa mgongo wa Brakiosaurusi na jinsi ya kumsimamisha. Mwaka wa 1961, akiwa amepita miaka 80, alitoa kingine kikubwa juu ya miguu na mikono ya sauropodi wote wa Tendaguru. Michoro yake ni ya usahihi mkubwa hata wanafunzi wa leo wanapimia juu yake. Alifariki Berlin tarehe 20 Oktoba 1969, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 91.

Mengine aliyoyaamini yameanguka. Wengi wa kizazi chake walidhani mnyama mkubwa hivi, mwenye tundu za pua juu ya kichwa, lazima aliishi majini, akipumua kama anayetumia mrija. Mwaka wa 1951 Mwingereza Kermack alionyesha kwamba kwa kina kile uzito wa maji ungeyabana mapafu yasifunguke. Mnyama alitembea nchi kavu. Mkia ulioburutwa chini na viwiko vilivyotanuka kama vya mjusi navyo vilirekebishwa mwaka wa 2007, jitu liliposimamishwa upya: miguu imenyooka, mkia hewani, na kichwa kikapanda mpaka meta 13.27.

Hata jina limebadilika. Mwaka wa 2009 Mwingereza Michael Taylor alilinganisha mfupa kwa mfupa mnyama wa Colorado na wa Tendaguru, akaona tofauti 26. Ni ndugu, lakini si wa nyumba moja. Tangu hapo wa Tendaguru anaitwa *Giraffatitan*, jitu la twiga, jina lililokuwa limependekezwa na Mmarekani Gregory Paul mwaka wa 1988. Michoro ambayo Taylor aliitumia dhidi ya uamuzi wa Janensch wa 1914, nyingi zilikuwa za Janensch mwenyewe.

Kwa upande wake, Janensch alipata sauropodi mwenye jina lake mwaka wa 1991, *Janenschia*, naye wa Tendaguru. Boheti bin Amrani alingoja zaidi. Mwaka wa 2007, Mjerumani Kristian Remes alipoandika juu ya sauropodi mwingine wa palepale, alimwita *Australodocus bohetii*. Ilikuwa imepita karibu miaka 100 tangu kapita yule ashuke ndani ya shimo la kwanza.

Swali la nani mwenye jitu limefika mpaka katika Bunge la Tanzania, wengine wakitaka lirudi, wengine wakiuliza litawekwa wapi na kwa pesa gani. Berlin, mifupa ya Tendaguru haijakwisha hata kufunguliwa yote. Zaidi ya miaka 100 baada ya wapagazi kuvitua Lindi, baadhi ya vifurushi vilikuwa bado vimekazwa kwa mianzi yake, kama mikono ya watu wa Tendaguru ilivyovifunga.